Kamba, Dhiraa na Haki ya Mwenye Shamba



Ndugu zetu wasomaji, katika darasa zetu za mirathi huwa tunafundisha mafungu: nusu, robo, thumni, thuluthi. Wanafunzi wanayashika vizuri. Tatizo huanza tukitoka darasani, kwani shamba la marehemu halikatwi kwa chaki. Mwaka mmoja walitujia ndugu wanne, huku kwetu milimani, waliogawana bustani ya baba yao kwa hatua za miguu. Kila mmoja alipima upana wa fungu lake mwenyewe, na kaka yao mkubwa ni mtu mrefu. Kwa kuhesabu, wote walikuwa sawa, hatua 20 kila mmoja. Kwa macho, hata mtoto aliona si sawa.

Waliotutangulia walikutana na jambo hili hili, tena kwenye ardhi kubwa mno. Nchi ya Sawad, yaani mashamba ya Iraq yanayopata maji ya mito Dijla na Furat, ilipoingia mikononi mwa Waislamu, Khalifa Umar bin Al-Khattab (R.A.), aliyetawala mwaka 634 hadi 644, hakuigawa kwa wapiganaji kama ngawira. Aliwaachia wakulima mashamba yao, walipe kharaji, kodi ya ardhi. Lakini utamtoza mtu kiasi gani na hujui analima eneo gani? Akamtuma Uthman bin Hunaif (R.A.) akapime, na Hudhaifa bin Al-Yaman (R.A.) naye akapewa sehemu ya kazi hiyo. Wanahistoria wamepokea kuwa hesabu ilifika jaribi milioni 36.

Jaribi moja ni mraba wa dhiraa 60 kila upande, yaani dhiraa za mraba 3,600. Mpimaji alichukua mwanzi wa dhiraa 6, uitwao qasaba. Mianzi 10 kwa mianzi 10 ndiyo jaribi. Dhiraa ni kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati, na sisi Waswahili neno hilo tumelichukua kama lilivyo, pamoja na shibiri na hatua. (Na ngwe, kile kipande cha shamba anachopewa mtu alime, ina udugu na ugwe, yaani kamba. Kumbe wazee wetu nao walipima.)

Kodi ilifuata zao. Katika riwaya moja, jaribi ya mizabibu ilitozwa dirhamu 10, ya ngano 4 na ya shayiri 2. Siku chache kabla ya kuuawa, Umar aliwauliza wapimaji wake wawili kama hawakuitwisha ardhi mzigo isioweza kuubeba. Wakamjibu kuwa wameitwisha inachokiweza. Bado akawaambia waangalie tena.

Mraba ni rahisi. Kazi ipo kwenye shamba lililopinda. Tangu zama za Misri na Babeli ya kale ilikuwepo kanuni ya mkato: chukua wastani wa pande mbili zinazotazamana, uzidishe kwa wastani wa zile mbili nyingine. Ubaya wake ni kwamba shamba lisipokuwa na pembe za mraba, kanuni hii humwandikia mwenyewe ardhi asiyokuwa nayo, na kama analipa kodi, analipia hewa.

Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad zama za Khalifa Al-Ma'mun (813 hadi 833), anakumbukwa kwa aljebra. Wengi hawajui kuwa ndani ya kitabu hicho hicho kuna mlango wa mirathi na mlango wa kupima ardhi. Humo anatoa mfano wa umbo lenye pande nne za 5 kila mmoja, ila pembe zake zimelala, na mistari ya kukata pembe hadi pembe ni 8 na 6. Kwa kanuni ya mkato utapata 25. Ukizidisha 8 kwa nusu ya 6 utapata 24, na hiyo ndiyo kweli.

Anatoa pia pembetatu ya pande 13, 14 na 15. Weka 14 iwe chini, shusha kamba wima kutoka pembe ya juu. Itatua hatua 5 kutoka mwisho wa upande wa 13, na urefu wake ni 12. Nusu ya 14 mara 12 ni 84. Watoto wajaribu uwanjani kwa kamba na vigingi. Wetu walifurahi kuliko siku ya mtihani kufutwa. Shamba lolote lenye pande zilizonyooka, hata likipinda vipi, hukatika pembetatu.

Mlimani kuna mtego mwingine. Ukilaza kamba juu ya mteremko, umbali unaongezeka. Al-Karaji, katika kitabu chake cha kutafuta maji ya ardhini, karibu na mwaka 1017, alieleza kusawazisha kwa fimbo mbili zenye alama na uzi uliovutwa kati yake.

Nasi tulifanya hivyo kwa wale ndugu. Tulifunga mafundo kwenye kamba kila mita, tukakata kila fungu pembetatu mbili, tukainua ncha ya chini mpaka kamba ilale sawa. Fungu la kaka mkubwa lilikuwa na upana wa mita 17, la mdogo wao mita 14. Vigingi vilihamishwa kabla ya alasiri, na aliyevichomoa ni yeye kaka mkubwa.