Farasi wa Mbao na Mali ya Umma: Historia ya Karuseli ya Coney Island

Tumezoea kuisoma historia ya mataifa kupitia katiba, vita na hotuba za viongozi. Katika makala haya nakusudia kuipitia kwenye kitu ambacho wasomi wengi wangekiona cha kitoto: karuseli, yaani jukwaa la duara lenye farasi wa mbao, linalozungushwa kwa mtambo huku kinanda kikipiga muziki. Nimeichagua karuseli moja, ile iitwayo B&B, iliyoko Coney Island, ufukwe wa wilaya ya Brooklyn katika jiji la New York. Nimeichagua kwa sababu maswali yake matatu ni maswali ya siasa kamili: nani aliijenga, nani aliruhusiwa kuipanda, na leo ni mali ya nani?

Tuanze na wajenzi. Karuseli ya kwanza ya Coney Island ilisimamishwa mwaka 1876 na Charles Looff, mhamiaji aliyefika Marekani mwaka 1870 na kujipatia riziki kwa useremala wa samani. Baada yake likaja kundi kubwa la mafundi, na wengi wao walikuwa Wayahudi waliotoka Ulaya Mashariki. Marcus Charles Illions alizaliwa katika eneo la Lithuania ya leo; Charles Carmel alitoka katika himaya ya Urusi. Ujuzi wa baadhi ya mafundi wa kundi hili ulikuwa umekua katika kazi ya ibada: walichonga simba, tai na mapambo ya makabati yanayohifadhi Torati ndani ya masinagogi. Mikono iliyochonga manyoya ya simba wa sinagogi ndiyo iliyochonga manyoya ya farasi wa Coney Island, wenye vichwa vilivyotupwa nyuma, midomo wazi na shingo zilizopakwa dhahabu.

Kiunzi na mtambo wa B&B ni kazi ya William Mangels, mhamiaji kutoka Ujerumani, mwenye karakana iliyokuwa hapo hapo Coney Island. Mwaka 1907 alipewa hataza ya mfumo unaomfanya farasi apande na kushuka kana kwamba anakimbia. Farasi wake 50 karibu wote walichongwa na Carmel. Mmoja alichongwa na Illions kuadhimisha miaka mia moja ya kuzaliwa kwa Abraham Lincoln, mwaka 1909, na sura ya rais huyo imechongwa ubavuni mwake.

Mafundi hao walivuna nini? Mwaka 1911 moto uliiteketeza bustani ya burudani ya Dreamland, na ndani yake ikaungua karuseli ambayo Carmel alikuwa ameiwekea fedha zake. Haikuwa na bima. Illions naye alifariki mwaka 1949 akiwa fukara, baada ya Mdororo Mkuu wa uchumi kuua biashara hiyo. Leo farasi mmoja wa mafundi hao huuzwa mnadani kwa fedha ambazo wao wenyewe hawakupata kuziona. Mwanafunzi anayetaka kuelewa tofauti kati ya thamani ya kazi na ujira wa kazi hana haja ya kuanza na vitabu vizito, aanze hapa.

Ipo siri moja ya ufundi ambayo mtumishi wa umma angepaswa kuitafakari. Karuseli za Marekani huzunguka kinyume cha mwendo wa saa, kwa hiyo upande wa kulia wa farasi ndio unaotazamwa na watu waliosimama nje. Mafundi waliupamba upande huo kwa vito vya kioo, maua na nakshi, na upande wa kushoto wakauacha karibu mtupu. Muda ni fedha, na asiyeonekana hapambwi. Bajeti nyingi za serikali zimechongwa kwa kanuni hiyo hiyo.

Swali la pili: nani aliruhusiwa kuipanda? Coney Island ilijijengea sifa ya kuwa pumziko la maskini. Treni za chini ya ardhi zilipounganishwa na ufukwe huo karibu na mwaka 1920, nauli ilikuwa senti 5 tu, na mfanyakazi wa kiwanda cha nguo aliweza kumleta mwanawe baharini siku ya Jumapili. Lakini bahari yenyewe ilikuwa imefungwa. Sehemu kubwa ya ufukwe ilizungushiwa uzio na wenye mabanda ya kuogelea, na asiyelipa hakugusa maji. Serikali ndiyo iliyoingilia kati na kuufanya ufukwe kuwa wa umma, na mwaka 1923 ikafungua njia pana ya mbao ya kutembelea kandokando ya bahari. Sisi wa mwambao wa Afrika Mashariki, tunaoijua habari ya kuta na mageti kati ya kijiji na bahari, hatuhitaji kuelezwa uzito wa uamuzi huo.

Hata hivyo nauli nafuu haikuwa haki kwa wote. Katika bustani nyingi za burudani za Marekani, karuseli ilikuwa ya watoto weupe. Mfano ulio dhahiri ni Gwynn Oak, nje kidogo ya Baltimore. Julai 1963 mamia ya waandamanaji, wakiwemo makasisi, wachungaji na marabi, walikamatwa kwa kudai bustani hiyo ifunguliwe kwa watu weusi. Ilifunguliwa tarehe 28 Agosti 1963, siku ile ile ya Maandamano ya Washington, na mtoto mchanga wa kike mweusi akapandishwa juu ya farasi wa mbao. Karuseli hiyo ilihamishiwa mwaka 1981 katika uwanja wa taifa mjini Washington, mahali ambapo Martin Luther King alihutubia siku hiyo. Wanaharakati wanaoambiwa kwamba madai yao ni madogo mno wakumbuke kwamba watu walikubali kulala jela kwa ajili ya mzunguko mmoja wa karuseli.

Swali la tatu ndilo gumu zaidi. Mali bila daftari huisha bila habari, na Coney Island ilikaribia kuisha hivyo. Luna Park iliungua mwaka 1944. Steeplechase ilifungwa mwaka 1964. Mwaka uliofuata ikanunuliwa na Fred Trump, baba yake Donald Trump, aliyekusudia kujenga majumba ya makazi. Mwaka 1966 aliandaa karamu ya kulibomoa jumba lake kuu, na wageni wakaalikwa kuvirushia mawe vioo vyake. Majumba hayo hayakujengwa kamwe. Karuseli ya Steeplechase, El Dorado, iliuzwa Japani, ikazunguka katika bustani ya Toshimaen mjini Tokyo tangu 1971 hadi bustani hiyo ilipofungwa mwaka 2020. Karuseli nyingine kote Marekani zilivunjwavunjwa, kwa kuwa wakusanyaji walilipa zaidi kwa farasi mmoja mmoja kuliko kwa mtambo mzima.

B&B ilikuwa imebaki peke yake barabarani Surf Avenue. Ilipotangazwa kupigwa mnada mwaka 2005, jiji la New York liliinunua nzima kwa dola milioni 1.8. Ikapelekwa Ohio kukarabatiwa, na Mei 2013 ikafunguliwa upya karibu kabisa na bahari. Kampuni binafsi ndiyo inayoiendesha, lakini umiliki umebaki mikononi mwa jiji.

Wapo watakaouliza kama ni busara kwa jiji lenye watu wasio na makazi kununua farasi wa mbao. Swali hilo ni halali, na sitalipuuza. Jibu langu ni kwamba chombo kile kingeweza kugawanywa vipande 50 kwa siku moja, na hakuna bajeti ya mwaka wowote ujao ambayo ingekirudisha. Nyumba inayocheleweshwa ni dhuluma, na dhuluma hiyo lazima ipigwe vita kila mwaka. Lakini haifutwi kwa kuwauzia matajiri kumbukumbu za maskini. Aghalabu walioiacha mali hiyo ipotee hawakujenga nyumba pia, kama kiwanja cha Steeplechase kinavyoshuhudia.

Kwa hiyo nawaachia watumishi wa umma kazi moja. Katika kila mkataba wa ubia utakaofika mezani kwenu, wa ufukwe, bustani au jengo la kale, tenganisheni mambo mawili ambayo wanunuzi hupenda kuyachanganya: kuendesha na kumiliki. La kwanza laweza kukodishwa kwa masharti na kwa muda. La pili likishatoka, wajukuu zetu watalitazama wakiwa nje ya uzio.