Bendera ya 1961 na Rangi Zilizokisiwa

Kila Desemba inapokaribia, simu zetu hujaa picha za Uhuru zilizotiwa rangi na programu za kompyuta. Mojawapo niliyotumiwa inaonyesha umati uwanjani na bendera mlingotini, na ndani ya bendera hiyo imo buluu.

Uwanja ule upo Temeke, na leo unaitwa Uwanja wa Uhuru. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, bendera ya Uingereza ilishushwa pale, ikapandishwa ya Tanganyika: kijani, nyeusi katikati, na mistari myembamba ya dhahabu. Kijani na nyeusi zilikuwa rangi za TANU. Buluu ilikuja na bendera mpya baada ya Muungano wa Aprili 26, 1964, kwa upande wa Zanzibar. Kwa hiyo picha ile imeuingiza Muungano katika usiku ambao Muungano haukuwapo. Mwanafunzi akiandika hivyo katika mtihani, namnyima alama; programu ikifanya hivyo, tunaisambaza kwa furaha.

Tunasema programu "imerudisha" rangi. Neno hilo napingana nalo. Katika picha ya rangi, kila nukta huhifadhiwa kwa namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Ikihifadhiwa kwa nyeusi na nyeupe, hubaki namba moja tu, kuanzia 0 hadi 255. Kanuni inayotumika sana huchukua asilimia 29.9 ya nyekundu, 58.7 ya kijani na 11.4 ya buluu. Matokeo yake, nyekundu kamili hupata 76, na kijani cha kiwango cha 129 nacho hupata 76. Kanga mbili zisizofanana hata kidogo zinakuwa kijivu kimoja, na hakuna hesabu itakayozitenganisha tena. Programu hukisia kwa kufuata mamilioni ya picha ilizofundishiwa, ambazo nyingi hazikupigwa Temeke. (Sahani za picha za zama za Wajerumani zilikuwa na kasoro yake: nyingi hazikuiona nyekundu, hivyo mstari mwekundu wa bendera yao hukaribia kuwa mweusi.)

Hasara hii haiko katika picha za viongozi pekee. Katika maduka ya steshenari ya Mbagala na Manzese, picha ya harusi yenye rangi zake huweza kuskaniwa kwa kijivu ili faili liwe jepesi. Halafu yakaja mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi, na baadhi ya waathirika wakahamishiwa Mabwepande. Kwa aliyepoteza albamu katika maji yale, nakala ya kijivu iliyobaki kwenye flashi ndiyo picha yenyewe. Hapo namwelewa anayetaka kumwona tena mama yake katika gauni lenye rangi.

Aangalie kwanza kama rangi imepotea kweli. Simu nyingi huiweka picha ya asili chini ya ile iliyobadilishwa, na faili ghafi la kamera hubaki na rangi hata kama kioo kilionyesha kijivu. Ikiwa imepotea, atafute mashahidi: kanga iliyo sandukuni, picha nyingine ya siku ileile, shangazi aliyekuwapo.

Kwa taasisi, masharti yawe makali zaidi. Mwaka 2021 jarida la VICE lililazimika kuondoa picha za wafungwa wa Tuol Sleng, Kambodia, zilizotiwa rangi. Baadhi ya nyuso zilikuwa zimeongezewa tabasamu. Watu wale walipigwa picha wakisubiri kuuawa.

Idara ya Habari (MAELEZO) na Nyaraka za Taifa zikiamua kutia rangi picha zao, nakala ya asili isiguswe, ile mpya iwe faili tofauti, na juu yake pachapwe kwamba rangi zimekisiwa, pamoja na maelezo ya aliyetoa ushahidi wa kila rangi iliyothibitishwa. Kazi ya kukusanya ushahidi huo haihitaji kompyuta. Aliyekuwa na miaka 15 usiku ule alizaliwa 1946. Wanafunzi wangu wanaoishi Temeke na Chang'ombe waanze kuuliza majirani likizo hii.