Sehemu Zilizo Ndani Yetu: Usiishie Kwenye Jina

Huenda umewahi kusema, "Moyo mmoja unaniambia nimwache mtoto alie, mwingine unaniambia nimbebe." Hali hiyo ni ya kawaida. Si mapepo, wala si dalili ya kuwa na kichaa. Iko tiba ya mazungumzo inayoanzia hapo hapo: kwamba kila mtu ana sehemu kadhaa ndani yake, na kila sehemu ina sababu ya kufanya inachofanya.

Tiba hii ilitoka wapi?

Inaitwa tiba ya Mfumo wa Familia ya Ndani. Ilianzishwa Marekani katika miaka ya 1980 na Richard Schwartz, mtaalamu wa tiba ya familia. Alikuwa akihudumia watu wenye bulimia, yaani tatizo la kula kupita kiasi kisha kujitapisha. Walimweleza kuhusu sehemu zilizogombana ndani yao: moja inalaumu, nyingine inahuzunika, nyingine inawasukuma kula. Schwartz anasimulia kwamba alipojaribu kupambana na sehemu hizo, hali ilizidi kuwa mbaya. Alipoanza kuziuliza na kuzisikiliza, zilianza kutulia.

Makundi matatu

• Wasimamizi: hupanga, hukosoa na huhangaika mapema ili usiumie.
• Zimamoto: huingia ghafla maumivu yakishawaka. Huenda zikakufanya ufoke, ule sana, unywe pombe au ushinde kwenye simu.
• Waliofungiwa: hubeba hofu, aibu na huzuni za zamani, mara nyingi za utotoni.

Pamoja na sehemu hizo, tiba hii inasema kila mtu ana Nafsi yenye utulivu na huruma, inayoweza kuziongoza.

Jina linataja kazi tu

Majina haya husaidia kuanza mazungumzo. Lakini ukisema "hiyo ni zimamoto yangu" ukaishia hapo, umetaja kazi inayofanywa, hujamjua anayeifanya. Ni kama kumwita mtoto "mkaidi" bila kumuuliza kilichomsumbua.

Chukua mfano wa mama ambaye mwanawe amemwaga uji kwenye sare asubuhi. Anamfokea mpaka mtoto anatetemeka. Usiku mama analia na kujiambia, "Mimi ni mama mbaya." Anaweza kuziita sehemu hizo mbili "hasira" na "lawama", na kutamani ziondoke.

Mtaalamu anaweza kumwomba aiulize ile hasira: "Unaogopa nini kitatokea usipofoka?" Pengine jibu ni kwamba mtoto atachelewa na kuadhibiwa mbele ya wenzake, kama mama mwenyewe alivyoadhibiwa akiwa mdogo. Kumbe sehemu aliyoiita hasira ilikuwa ikijaribu kumlinda mtoto, kwa njia inayomuumiza. Sehemu ikieleweka hivyo, inaweza kupewa kazi nyingine, kwa mfano kumkumbusha mama aandae sare usiku.

Unachoweza kujaribu nyumbani

1. Badala ya "mimi ni mkali", sema "kuna sehemu yangu yenye ukali." Hapo unaona kwamba wewe ni zaidi ya sehemu hiyo.
2. Angalia unaisikia wapi mwilini: kifuani, kooni au tumboni.
3. Iulize inakulinda dhidi ya nini, na ilianza kazi hiyo lini.
4. Ishukuru hata kama hukubaliani na inachofanya.

Usijilazimishe kuchimba kumbukumbu za ukatili au msiba ukiwa peke yako. Kazi hiyo ifanywe na mtaalamu aliyefunzwa.

Kuelewa si kuruhusu

Kuielewa sehemu inayofoka au kupiga hakumaanishi mtoto aendelee kuumizwa. Ukihisi inakuzidi, muweke mtoto mahali salama, jitenge kidogo upumue, na umwite mtu mzima akusaidie. Kisha rudi umwombe mtoto radhi.

Tafuta msaada lini?

Tiba hii bado haina utafiti mwingi kama tiba nyingine za mazungumzo zilizotangulia, na haichukui nafasi ya dawa ulizoandikiwa. Muone mhudumu wa afya ikiwa huzuni au wasiwasi umedumu zaidi ya wiki mbili, hasa ukiwa mjamzito au umejifungua karibuni.

Nenda hospitali mara moja, ukiwa na mtu wa kukusindikiza, ikiwa:

• unafikiria kujiua au kujidhuru;
• unafikiria kumdhuru mtoto;
• unasikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavisikii wala kuviona;
• umejifungua karibuni na umechanganyikiwa, au hupati usingizi hata mtoto akiwa amelala.

Mweleze mhudumu kila kitu bila kuona aibu. Wewe si mama mbaya kwa kuwa na mawazo hayo. Unahitaji kuhudumiwa, na msaada upo.