Mtaji wa Zege: Klabu ya Wanawake ya Berkeley na Jengo Lake

Wanaoandika juu ya jengo la Klabu ya Wanawake ya Jiji la Berkeley, California, huanza na matao yake, nyua zake za ndani na bwawa lake la kuogelea, kisha humsifu msanifu wake, Julia Morgan. Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, zimefunika jambo ambalo makala haya yanalishikilia: kwa wanawake walioliagiza, jengo hilo lilikuwa kwanza mtaji.

Klabu iliandikishwa mwaka 1927, ujenzi ukaanza 1929, na milango ikafunguliwa 1930, Mdororo Mkuu wa Uchumi ukiwa tayari umebisha hodi. Wanawake wa California walikuwa wakipiga kura tangu 1911. Mikopo ilikuwa habari nyingine: benki ziliweza kumtaka mke alete saini ya mumewe, na sheria ya shirikisho ya kukomesha ubaguzi huo ilipitishwa mwaka 1974 tu. Katika mazingira hayo, wanawake kumiliki kwa jina la chama chao ghorofa sita katika barabara ya Durant, karibu na chuo kikuu, kulikuwa tendo la kisiasa, hata kama ndani yake watu walikunywa chai.

Ramani yenyewe ni ushahidi. Kumbi, chumba cha kulia na bwawa viliwekwa chini. Ghorofa za juu zikapewa vyumba vya kulala vya kulipiwa. Yaani nyumba ilitarajiwa kujilisha, isingoje ada za wanachama pekee. Morgan aliielewa hesabu hii, kwa kuwa alikwisha kuijengea YWCA, chama cha wanawake vijana Wakristo, majengo kadhaa. Tena alikuwa mhandisi: alihitimu uhandisi wa ujenzi Berkeley mwaka 1894, kabla ya kwenda Paris kusomea usanifu, na mnara wake wa kengele wa zege lenye nondo katika Chuo cha Mills, Oakland, ulisimama imara katika tetemeko la 1906. Wasanifu wenzake wa Marekani walimtunuku medali yao ya dhahabu mwaka 2014, miaka 57 baada ya kifo chake.

Tusizipambe klabu za wanawake za aina hii kupita kiasi. Mwaka 1900, mjini Milwaukee, shirikisho lao kuu lilikataa kumpokea Josephine St. Pierre Ruffin kama mjumbe wa klabu ya wanawake Weusi. Mali iliwakomboa wenye mlango wa kuingilia.

Katika miaka ya 1960 klabu ya Berkeley ilianza kupokea wanaume, na neno “Wanawake” likaondoka katika jina lake. Wapo watakaouita huo mwisho wake. Sikubaliani nao: mwenye nyumba ndiye anayeamua nani aingie. Mwaka 1977 jengo liliingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria, na hadi leo vyumba vyake vinapokea wageni wanaolipa. Watafiti wa vyama vya wanawake na wafungue hatimiliki na vitabu vya hesabu kwa bidii ileile wanayofungulia hotuba.