Meza ya Barkada: Matembezi na Mlo wa Kirafiki katika Historia ya Ufilipino

Katika lugha ya Kitagalog, kundi la marafiki wanaotembea na kula pamoja huitwa barkada. Neno hili limetoka katika Kihispania, barcada, ambalo maana yake ni shehena ya mashua moja. Yafaa kukumbuka kwamba padre Juan de Plasencia, Mfransisko aliyeandika juu ya desturi za Watagalog mwaka 1589, alieleza kuwa barangay, yaani jamii ndogo iliyo chini ya mkuu mmoja, nayo ilipata jina lake kutokana na chombo cha baharini. Kwa hiyo maneno mawili makuu ya kuishi pamoja katika visiwa hivyo yote mawili ni ya majini. Tofauti ni kwamba barangay iliingizwa katika utawala, na hadi leo ni ngazi ya chini kabisa ya serikali ya Ufilipino. Barkada haikuandikwa katika sheria yoyote. Mtu huzaliwa katika barangay, lakini barkada huichagua.

Kazi inayoonekana zaidi ya kundi hili ni kutoka pamoja mwishoni mwa juma na kukaa mezani. Waswahili wa pwani wana neno lililo karibu na jambo hilo, nalo ni kikoa: mlo unaoliwa na wenzi kwa shirika, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Lakini kikoa kina zamu inayojulikana, ilhali barkada haina. Hapo ndipo mambo yake yanapoanza kuwa magumu.

Wanahistoria wengi wa Ufilipino wameandika juu ya vita, mashamba na makanisa, na mlo wa Jumapili wameuona kuwa ni starehe tu. Hata hivyo, kila mara watawala wa visiwa hivyo, na baadaye waajiri wa Wafilipino ughaibuni, walipotaka kujua nani anakutana na nani na kwa muda gani, macho yao yalifika mezani. Swali linalopita katika historia hii yote ni fupi: siku ya mapumziko ni mali ya nani?

Miongoni mwa nyumba za kwanza za kuuza chakula mjini Manila zilikuwa zile za Wachina. Mtaa wao, Binondo, ulianzishwa mwaka 1594 ng'ambo ya mto Pasig kwa ajili ya Wachina waliobatizwa. Huko ndiko tambi ziitwazo pancit zilikozoeleka. Jina lenyewe ni la Kichina cha Hokkien, na maana yake ya asili ni chakula kinachopikwa upesi. Kisha kiambishi cha Kihispania kikaongezwa, ikawa panciteria, mahali panapouzwa pancit. Orodha ya vyakula iliandikwa kwa Kihispania ili wateja wakubwa waielewe: wali wa kukaanga wa mtindo wa Kichina uliitwa morisqueta tostada, na uji wa mchele ukaitwa arroz caldo. Doreen Fernandez (1934-2002), aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Ateneo de Manila na ambaye pengine hakuna aliyefanya zaidi yake kuingiza chakula katika masomo ya utamaduni wa nchi hiyo, alionyesha kwamba chakula cha kigeni hakikubaki kigeni. Kilibadilishwa kwa siki, kwa ndimu ndogo za huko, kwa mchuzi wa samaki, na kwa namna ya kukila pamoja, mpaka kikawa cha wenyeji. Hoja yake ni ya nguvu, ingawa inaeleza vizuri zaidi kilichomo katika sahani kuliko waliokaa kuizunguka.

Kwa habari ya waliokaa, hakuna shahidi bora kuliko riwaya mbili za José Rizal. Katika ya kwanza, Noli me tangere, iliyochapishwa Berlin mwaka 1887, vijana wa mji mmoja wa mkoani wanaondoka alfajiri kwa mashua mbili kwenda ziwani. Wasichana wamekaa mbali na wavulana, na wanawake wazima wamekuja kuwachunga. Wanavua samaki, wanaimba, mamba anatokea, na baadaye wanakula msituni. Matembezi hayo yana kila kitu ambacho Mfilipino wa leo angekitaja katika matembezi yake, isipokuwa mamba. Lakini kabla siku haijaisha askari wanafika karamuni kumtafuta mtu. Rizal hakuhitaji kueleza zaidi: hata chini ya miti, mbali na mji, siku ile haikuwa ya vijana wale peke yao.

Riwaya ya pili, El filibusterismo, ilichapishwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1891. Humo wanafunzi wa Manila wameomba serikali iwaruhusu kuanzisha chuo cha kufundishia Kihispania, lugha ya sheria na ya vyeo, ambayo watawala hawakutaka ienee sana. Jibu linakuja kama dhihaka: chuo kinakubaliwa, lakini kitakuwa chini ya mapadre, na wanafunzi watapewa kazi ya kukusanya michango. (Msomaji wa Kongo, ambako suala la lugha ya mkoloni na nani aruhusiwe kuijua lilikuwa na uzito wake, ataelewa uchungu huo bila kufafanuliwa.) Wanafunzi kumi na wanne wanakodi panciteria moja na kula karamu ya uchungu. Kila sahani inawekwa wakfu kwa mkubwa fulani: maandazi ya kukaanga yaitwayo lumpia kwa afisa aliyetoa uamuzi, kaa kwa mapadre, na tambi kwa serikali na nchi. Mmoja wao anachekesha wenzake kwa kusema kwamba tambi hizo hudhaniwa kuwa za Kichina au za Kijapani, na kwa kuwa hazijulikani China wala Japani, bila shaka ni za Kifilipino. Ila anayezipika na kupata faida ni mwingine. Utani huo, mtu akiutazama vizuri, ni muhtasari wa uchumi wa koloni.

Kesho yake matangazo ya uchochezi yanakutwa yamebandikwa chuoni. Wanafunzi wanakamatwa, kwa kuwa usiku uliotangulia walikuwa wamekula pamoja. Anakamatwa pia Basilio, mwanafunzi wa udaktari ambaye hakuhudhuria karamu. Wenye pesa na jamaa wanatolewa. Basilio, asiye na mtu wa kumsemea, anabaki ndani. Rizal aliona jambo ambalo waandishi wengi waliomsifu barkada kama udugu mtupu hawakutaka kuliona: meza huwaunganisha watu usiku mmoja, lakini haifuti tofauti ya mali kati yao, na siku ya kulipa tofauti hiyo hurudi.

Rizal mwenyewe alipigwa risasi tarehe 30 Desemba 1896 katika uwanja wa Bagumbayan, ambao ulijulikana baadaye kwa jina la Luneta na kisha Bustani ya Rizal. Uwanja huo wa mauti ndio uliokuwa mahali pa matembezi ya Jumapili kwa watu wa Manila: mikeka hutandikwa, wali na nyama huletwa vyunguni, watoto hukimbia kuzunguka kaburi la shujaa. Ni Luneta hiyo hiyo ambako Engracia Cruz-Reyes aliuza chakula katika gari kabla ya kujulikana kwa mkahawa wake, The Aristocrat, ulioanzishwa mwaka 1936. Wakati ule, chini ya Wamarekani, aliyetaka kuonekana mstaarabu mkahawani aliagiza chakula cha kizungu. Mama huyu aliweka adobo, nyama ya siki na kitunguu saumu, ndani ya mkate na kuiuza bila kuomba radhi. Chakula cha nyumbani kikapata haki ya kulipiwa hadharani.

Na nani hulipa? Hapa desturi ina njia tatu. Aliyepata mshahara wa kwanza, aliyefaulu mtihani, au mwenye siku ya kuzaliwa hulipia wote. Jambo hilo huitwa blowout, neno la Kiingereza walilolitwaa na kulipa maana yao. Njia ya pili huitwa kwa herufi tatu, KKB, yaani kanya-kanyang bayad, kila mtu na malipo yake. Ya tatu haina jina: mwenye nacho hulipa bila kusema, na asiye nacho huja bila kuulizwa, na deni hubaki moyoni. Deni hilo la moyoni, utang na loob, liliandikiwa makala mashuhuri na Charles Kaut mwaka 1961, naye alilieleza karibu kama mkataba. Padre Frank Lynch, Mjesuiti wa Ateneo, alitilia mkazo pakikisama, hali ya kukubaliana na wenzio ili uhusiano usikwaruzike. Virgilio Enriquez (1942-1994) wa Chuo Kikuu cha Ufilipino alipinga vikali. Kwake yeye wageni walikuwa wameona ganda tu; kiini ni kapwa, nafsi inayomjumuisha mwingine, na mtu halipii wenzake ili awafunge bali kwa sababu hawahesabu kuwa ni wengine.

Enriquez alikuwa na haki kulalamika kwamba maadili ya watu yalikuwa yakisomwa kwa macho ya meneja. Lakini ushahidi wa mezani hauko upande wake kikamilifu. Kipande cha mwisho katika sahani, ambacho kila mmoja anakitamani na hakuna anayekigusa kwa sababu ya hiya, yaani haya, ni dalili kwamba hesabu inafanyika hata pale inapokanushwa. Na KKB, ambayo wazee huitazama kama ubahili uliojifunzwa kwa Wamarekani, mara nyingi ndiyo inayomwokoa mwanafunzi maskini: anajua mapema kiasi cha kubeba, au anajua mapema kutokwenda.

Mwezi Septemba 1972 Rais Ferdinand Marcos alitangaza sheria ya kijeshi. Mikutano ya hadhara ikapigwa marufuku, na hakuna aliyeruhusiwa kutembea kati ya saa sita za usiku na saa kumi za alfajiri. Mlo wa marafiki haukukatazwa, lakini ulipewa saa yake ya kufa. Aliyechelewa alilala kwa mwenyeji hadi kupambazuke. Miaka miwili baadaye, mwaka 1974, Sheria ya Kazi ya serikali hiyo hiyo iliweka utaratibu wa kupeleka wafanyakazi nchi za nje. Hatua hii ilibadilisha barkada kuliko marufuku yoyote, kwa kuwa iliitawanya duniani.

Nyumbani, waliobaki walihamia taratibu katika majengo makubwa ya maduka. SM City North EDSA ilifunguliwa mwaka 1985 huko Quezon City, na Jollibee, iliyoanza mwaka 1975 kama duka la aiskrimu na kugeuka mkahawa wa mikate ya nyama mwaka 1978, haikumezwa na McDonald's ilipofika mwaka 1981, bali iliishinda kwa tambi zenye sukari na kuku wa kuliwa na wali. Misa ya Jumapili ikasomwa humo humo dukani, penye hewa ya baridi. Mtu huweza kulalamika kwamba ziwa la Rizal limekuwa ngazi ya umeme. Lakini kwa vijana wasio na chumba chao wenyewe, kiti cha mkahawa wa bei ndogo ni nyumba ya saa mbili.

Kutokuwa na chumba ndiko kulikowafikisha wengine barabarani. Tangu miaka ya 1970 wanawake wa Kifilipino walikwenda Hong Kong kufanya kazi za nyumbani. Sheria ya huko inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko kila siku saba, lakini hailazimishi mtu yeyote kumpa mahali pa kupumzikia. Na tangu mwaka 2003 wote walitakiwa kulala kwa waajiri wao. Barabara ya Chater, katikati ya mji wa mabenki, ilifungwa kwa magari siku za Jumapili tangu mwaka 1982 ili kuvutia wanunuzi. Wakaja watu wengine. Maelfu ya wanawake walitandika maboksi ya karatasi ngumu, wakakaa kwa makundi ya mji au mkoa watokako, wakafungua vyombo vya pancit na adobo, wakala kwa mikono, wakasukana nywele, wakasomeana barua. Mwaka 1992 wenye maduka na majengo walitaka barabara ifunguliwe tena na wanawake wahamishiwe mahali pengine. Hata maegesho ya magari chini ya ardhi yalitajwa. Wanawake waligoma kwenda. Katika nchi za Ghuba siku yenyewe ilikuwa nyingine: misa na matembezi vilihamia Ijumaa, na Falme za Kiarabu zilipohamishia mapumziko Jumamosi na Jumapili mwanzoni mwa mwaka 2022, Wafilipino wengi wa huko walirudishiwa Jumapili waliyokuwa wameiacha kwao.

Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Hong Kong ilikataza watu zaidi ya wanne kukaa pamoja hadharani. Februari 2022 idadi ikashuka hadi wawili, na wafanyakazi wa nyumbani waliokutwa wamekaa kwa makundi siku yao ya mapumziko walipigwa faini ya dola 5,000 za Hong Kong, kiasi kilichozidi mshahara wa mwezi mzima wa wengi wao. Wenyeji waliokula mikahawani walikuwa na meza. Hawa walikuwa na maboksi. Katazo hilo liliondolewa tarehe 29 Desemba 2022. Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya Mwaka Mpya.