Nani Anahesabu Dakika

Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, serikali ya Wajerumani ilianza kuwagawia wanaume kadi za kazi. Mwenye kadi alitakiwa kumfanyia kazi mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Asiyezitimiza aliweza kupelekwa kwenye kazi za serikali. Kadi alikaa nayo mfanyakazi, lakini siku haikuhesabika mpaka mwajiri aithibitishe.

Nilikutana na kadi hiyo nikisoma kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Mwaka huu nimeirudia kwa sababu ya mjomba. Ana sehemu ya kuoshea magari kando ya barabara inayopanda kutoka Mombo, na anataka mashine yake ya kufyonza vumbi ifungwe kisanduku cha sarafu: unatumbukiza, mashine inanguruma dakika kadhaa, inazima. Kwa kuwa mimi ndiye "msomi" wa ukoo, kazi ya kuchagua kisanduku iliniangukia. Nilipoanza kulinganisha aina zake, niliona kwamba maswali yangu yalishaulizwa zamani kwenye milima hii: muda ni bei gani, unalipwa kwa kitu gani, na nani anauhesabu.

Washambaa walikuwa na masoko kabla ya Wajerumani, na rupia ilishajulikana pwani. Kilichoifanya sarafu iwe lazima kwa kila nyumba ni kodi. Kuanzia 1898 nyumba ya kijijini ilidaiwa rupia tatu kwa mwaka. Mwanzoni mazao na kazi vilipokelewa pia, lakini serikali ilitaka fedha, na fedha ilikuwa kwa wenye mashamba makubwa. Mkulima wa Mlalo au Bumbuli mwenye migomba, mahindi na maharage hakuwa na njaa. Alichokosa ni rupia. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, ikihudumia mashamba yaliyolilia mikono ya watu. Mwaka 1904 rupia, iliyokuwa na pesa 64, iligawanywa upya kuwa heller 100. Ulimi wetu uliigeuza heller kuwa hela, na mpaka leo tunaitamka bila kukumbuka ilikotoka.

Hata hivyo kodi peke yake haikutosha. Mshambaa aliweza kuuza mazao yake, akapata rupia, akalipa, akarudi shambani kwake. Ndipo ikaja kadi. Kodi ilidai sarafu na haikujali umeipataje. Kadi ilidai siku zenyewe.

Lugha imehifadhi karatasi za aina hii. Kibarua ni barua ndogo: cheti cha mtu wa kazi ya siku huko pwani, kikageuka jina la kazi, kisha jina la mtu mwenyewe. Kipande nacho, katika mashamba ya mkonge wakati wa Waingereza, kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Kenya kilikuwa kitambulisho cha lazima, kikibebwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Katika majina hayo yote karatasi inambeba mtu, ingawa kwa macho ni mtu anayeibeba karatasi.

Miaka hiyohiyo, huko Uingereza, mita za gesi za kutumbukiza peni zilikuwa zikiingia kwenye nyumba za wafanyakazi. Mama wa nyumba asiyeweza kulipa bili ya miezi mitatu kwa mkupuo alinunua moto wa kupikia kidogo kidogo. Kule sarafu ilitangulia na huduma ikafuata papo hapo. Huku siku 30 zilitangulia, na sarafu ilikuja baadaye, kama hesabu ya mwenye shamba ilikubaliana na yako.

Kuna pia muda ambao haukulipwa kabisa. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha mradi wa Mlalo wa kuzuia mmomonyoko wa udongo. Watu walilazimishwa kupiga matuta kwenye mashamba yao wenyewe, bila ujira, na sehemu kubwa ya jembe hilo ilishikwa na wanawake. Chuki dhidi ya matuta iliingia kwenye siasa za Usambara za miaka ya 1950, na mradi ukafa kabla ya uhuru.

Sarafu zetu wenyewe zilikuja mwaka 1966: samaki kwenye senti 5, mbuni kwenye senti 20, sungura kwenye senti 50, mwenge kwenye shilingi. Fikiria kisanduku kilichoundwa wakati huo kupokea shilingi ya mwenge tu. Thamani ya shilingi ilipoporomoka katika miaka ya 1980, kingebaki chuma chakavu. Hilo lilinipa sharti la kwanza la kuchagua. Vipo visanduku unavyoviwekea sarafu moja ya mfano ndani, na kila inayoingia inalinganishwa nayo. Vipo vinavyofundishwa: unatumbukiza sarafu ya aina moja mara nyingi, kifaa kinashika kipenyo, unene na metali yake. Nilichagua cha kufundishwa, chenye dakika zinazoweza kubadilishwa, maana bei ya umeme haitakaa ilipo. Kitapokea mia tano, sarafu iliyoanza kutumika mwaka 2014. Mia mbili nyingi huishia kwenye mashine za kamari vijiweni.

Kufunga nako kuna adabu yake. Mota huvuta umeme mwingi inapoanza, kwa hiyo swichi ndogo ya kisanduku isiibebe. Iamshe kontakta, na kontakta ndiyo iwashe mota. Pale chini panapokuwa na maji kutwa nzima, waya wa ethi na kikata umeme si vitu vya kubania hela. Na umeme ukikatika katikati, dakika zilizobaki ni za nani? Vifaa vingine husahau, vingine hukumbuka. Nimetaka kinachokumbuka.

Muuzaji alipendekeza tokeni badala ya sarafu. Mjomba aliipenda hoja: tokeni haiwezi kununua soda, kwa hiyo hakuna wa kuiiba. Mimi nilisikia kipande. Kitu chenye thamani kwa aliyekitoa tu humfunga anayekishika, hata kama ni mteja mwenye Noah iliyojaa vumbi jekundu. Tulibaki na sarafu.

Ugumu ulikuwa kwingine. Pale wapo vijana watatu wanaolipwa kwa gari, na mjomba anaamini huwaachia washikaji wao mashine iungurume bure. Kisanduku ni cha kuwahesabia wao kabla ya kumhesabia mteja. Nilimwambia kisanduku hakifyonzi vumbi. Mkono ulioshika bomba chini ya kiti bado ni wa kijana. Kama dakika zinahesabiwa, basi na zihesabiwe mbele ya kila mwenye fungu ndani yake. Nikaomba mambo mawili. Namba za muda zitazame nje, mteja na kijana wazione zikishuka. Na ndani kuwe na kihesabio cha sarafu, kifunguliwe kila jioni vijana wakiwepo, fungu lao la kufyonza likatwe hapohapo.

"Mjomba," akaniambia, kwa maana sisi huitana hivyo pande zote mbili, "hii ni biashara, siyo chuo."

"Ndiyo maana nataka hesabu ionekane, mjomba."

Namba za nje amezikubali, kwa kuwa zitapunguza ubishi wa wateja. Kuhusu fungu la vijana amesema tutaona. Kisanduku kitafungwa mvua zikipungua. Kinakuja na funguo mbili, naye anapanga kuzitunza zote nyumbani. Nimemwomba moja ibaki kwa vijana, na mpaka ninapoandika haya hajanijibu.