Nani ana ruhusa ya kufungua mashini?

Bandugu, safari hii siandike juu ya mbegu wala mbolea. Naandika juu ya kawaya kadogo kenye kamefungwa na risasi juu ya pompi ya mazuti ya trakta. Ukikakata, garanti imekufa.

Mwezi wa 11 uliopita, trakta ya kooperative yenye ninafanyia kazi, upande wa Kasenga, ilianza kukosa nguvu. Inawaka vizuri, lakini ukishusha jembe mu udongo inachoka kama mzee. Ilikuwa na miezi saba tu, na garanti yake ni mwaka moja ao masaa 1000. Tukapigia simu garaje ya wenye walituuzia, kule Lubumbashi. Jibu: “Musiguse kitu, technicien atakuja.” Siku ya kwanza, ya tatu, ya sita. Mvua ilikuwa imekwisha kuanza. Mwenye alisoma agronomie anajua: huku kwetu mahindi inapandwa toka katikati ya mwezi wa 11 mpaka katikati ya mwezi wa 12, na ukipita pale kila juma inakula mavuno. Tulikuwa na hektari 40 za wanachama, 12 tu ndizo zilikuwa zimelimwa. Na watu wote wananiangalia mimi, juu ni mimi niko na lisansi. Hakuna profesa alinifundisha kama nikate waya ao nisikate.

Mu zile siku za kungoja nilisoma, usiku, na simu, pale réseau inapatikana. Nikakuta kama swali letu lina historia ndefu.

Mu mwaka wa 1908 Ford alitoa gari yake ya Model T kule Marekani. Mpaka 1927 zilitengenezwa karibu milioni 15, na wakulima wengi waliinunua. Mkulima alikuwa anaifungua mwenyewe pa shamba, na fungula chache na nyundo. Kuna wenye walikuwa wanainua gurudumu la nyuma, wanafunga mkanda, gari inageuka moteri ya kusaga nafaka ao kukata mbao. Hakuna mtu aliwauliza ruhusa. Mashini yote ilikuwa yao, toka tairi mpaka ndani ya moteri.

Kisha garanti zikaongezeka, na viwanda vikaanza kusema: ukitumia piyesi ya mtu mwingine, ao fundi mwingine, garanti haiko tena. Tarehe 4 mwezi wa 1 mwaka 1975, rais Gerald Ford (hana undugu na yule wa magari, nilihakikisha) aliweka sahihi pa sheria yenye inaitwa Magnuson-Moss. Ilikataza kumlazimisha mununuzi atumie piyesi ao kazi ya kampuni ile tu ili garanti ibakie, isipokuwa kampuni inamupa bure. Kama kampuni inataka kukataa, inapaswa kuonyesha kama ile piyesi ya kigeni ndiyo iliharibu. Ona vile uzito unahama: si mkulima tena mwenye kujitetea.

Lakini ordinateri ikaingia mu moteri. Toka modeli za 1996, kila gari ndogo ya kuuzwa Marekani ilipaswa kuwa na plagi ya kusoma makosa, ile OBD-II. Kwa trakta ikawa mbaya zaidi: piyesi unaweza kuifunga wewe mwenyewe, lakini mashini haiikubali mpaka mtu wa kampuni afike na ordinateri yake. Mavuno inangoja mtu na kifaa, sawasawa na sisi. Wakulima walipigana miaka mingi. Mu mwaka wa 2023 jimbo la Colorado ndilo la kwanza lilipitisha sheria ya kulazimisha viwanda vya mashini za kilimo kuwapa wakulima vitabu, piyesi na programu za kutengeneza. Ikaanza kazi tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2024.

Kwetu mambo yalienda njia ingine kabisa. Tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973 Mobutu alitangaza zaïrianisation: biashara na mashamba ya wageni yakapewa wananchi, wale ma-acquéreurs. Wengi waliuza stock yenye walikuta, basi, hawakuagiza ingine. Kisha bei ya shaba ikaanguka, na bila shaba hakuna devise, bila devise hakuna piyesi. Kufika 1976 serikali ilikuwa inaita wenyewe wa zamani warudi, lakini wengi hawakurudi.

Mjomba wangu alikuwa kijana wa kujifunza kazi mu garaje kubwa ya Likasi wakati ule. Anasema siku moja rafu za magasin zilibakia na vumbi tu. Njo pale walianza kukata joint mu karatasi ngumu, kuchonga bague mu shaba, kufunga piyesi ya lori moja mu lori lingine. Article 15, kama tunavyosema wote. Sisi vijana tunapenda kuisifu ile débrouille. Yeye haisifu sana. “Tulitengeneza mingi,” anasema, “lakini tuliua mingi pia, juu ya kufungua chenye hatukujua.”

Siku ya nane nilimupigia simu. Akaniuliza mazuti tunanunua wapi. Mu bidon, barabarani. Akacheka. “Mupwa wangu, ile pompi usiiguse. Lakini filtri ni ya kwako. Soma kitabu chao.”

Kweli, kitabu cha garanti kilisema filtri ni kazi ya mwenye mashini, na iandikwe mu daftari. Miezi saba hakuna mtu alikifungua, hata mimi. Tukatoa maji chini ya filtri (karibu nusu glasi!), tukafunga filtri mpya toka soko la Kasenga, tukatoa hewa kwa pompi ya mkono mpaka mapovu yakaisha. Saa kumi trakta ililima. Tulifikisha hektari 31. Tisa za wanachama wanne zilibakia, na wao hawanisalimie vizuri mpaka leo.

Technicien alifika siku ya 14. Aliangalia kawaya, kazima. Aliangalia daftari, sahihi. Kisha akaandika pa fiche yake: filtre non d'origine.

Sasa injekteri moja inatoa moshi mweusi, garanti inaisha mwezi wa 4, na garaje inasema ni juu ya ile filtri. Magnuson-Moss haifike Kasenga. Lakini sisi tuko na dekreti ya tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1888, ya wakati wa Léopold II, juu ya mikataba: muuzaji anajibu juu ya kasoro iliyofichika yenye inafanya kitu kisifae kazi yake, na mununuzi anapaswa kudai bila kuchelewa. Barua niko nayo mu brouillon. Wenye walisoma droit hapa, naomba mniandikie mbele ya siku ya tano: kuonyesha kama filtri ndiyo iliharibu injekteri, ni kazi yao ao ni yetu?